Mdogo wangu anatolewa wodini lakini daktari anataka aende hospitali kila siku mchana tu, hii kitu ikoje jamani?

dada_wa_kwanza

Wakuu habari zenu, naomba mawazo maana hapa kichwa kimejaa na nyumbani kila mtu ana lake.

Mdogo wangu wa kike ana miaka 26, alilazwa wodi ya akili siku 11. Sonona ilimzidia, alikuwa halali, haogi, simu hashiki, halafu siku moja tumekaa sebuleni akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekwambia anatoka kidogo anarudi, kwamba amechoka kuwepo. Hapo ndo tukambeba. Wodini kakaa, dawa kaanza, analala sasa, anaongea japo kidogo.

Sasa juzi daktari katuita akasema anaendelea vizuri, Ijumaa anaruhusiwa, ILA hajamaliza, Jumatatu aanze matibabu ya kutwa. Yaani aende saa tatu asubuhi atoke saa tisa alasiri, Jumatatu mpaka Ijumaa, halafu anarudi kulala nyumbani. Wiki tatu kwa kuanzia, baadaye wataangalia. Mimi nikabaki nimeduwaa, kama bado anaumwa wanamtoaje, na kama kapona anaenda kufanya nini huko masaa sita kila siku? Mama yeye anasema wanataka kitanda chao tu. Kaka anasema hizo ni mbwembwe, arudi kazini achangamke na wenzake. Nikamuuliza muuguzi akanipa kikaratasi cha ratiba ya wiki, nimekisoma nimehesabu neno "kundi" mara kumi na nne. Kundi hili, kundi lile. Mdogo wangu tangu utoto ni mtu wa kukaa chumbani na kitabu, leo ndo akaongee na watu asiowajua?

Ila kinachonitisha zaidi ni usiku. Wodini kulikuwa na mtu anapita kumchungulia, nyumbani nani atamchungulia? Kuna aliyepitia hii kitu au aliyekaa na mgonjwa wa namna hii anieleze, ni matibabu ya kweli au ni kumpitishia mtu muda?

---

kipepeo_mweupe

Pole sana dada. Mimi nimepita huko mwenyewe, wiki nne na siku mbili, nilihesabu kama mfungwa lol.

Ilivyo ni kama shule ya bweni na shule ya kutwa. Masomo ni yaleyale, walimu walewale, tofauti ni unalala wapi. Usichukulie kama nusu ya matibabu, mimi kwa kweli nilifanyiwa kazi zaidi kule kwenye kutwa kuliko wodini. Wodini walinituliza tu, nilale, dawa ziingie, nisijidhuru. Kazi yenyewe ya kujua nini kinaniangusha na nifanyeje kikinijia tena ilianza baadaye.

Nikueleze siku inavyokwenda. Ukifika asubuhi unapewa karatasi, unajaza namba kuanzia 0 mpaka 10, moyo ukoje leo, usingizi ulikuwaje, hofu kiasi gani, mawazo ya kujidhuru yapo au hayapo, dawa umekunywa. Siku ya kwanza nilijaza 5 kila mahali ili nisiulizwe maswali. Yule mshauri akaiangalia karatasi, akaniangalia mimi, akasema "leo tano tupu? hata usingizi na hasira vimelingana?" Nikacheka. Nakwambia dada nilicheka mpaka nikajishtukia, maana sikumbuki mara ya mwisho nilicheka lini. Kuanzia siku ile nikaanza kuandika namba za kweli.

Kuhusu makundi, mimi pia ni wa chumbani. Siku tatu za mwanzo sikufungua mdomo na hakuna aliyenilazimisha. Ya nne kuna mbaba mmoja mtu mzima kabisa, amevaa kiofisi, akasema kila asubuhi anakaa kwenye gari dakika ishirini hawezi kufungua mlango ashuke. Mimi nilikuwa nadhani ni mimi peke yangu duniani ninayefanya hivyo. Nikasema "na mimi." Maneno mawili tu, lakini nilikuwa nimeshaingia. Na makundi yenyewe si yote ya kukaa kumwaga mambo ya moyoni, mengine ni darasa kabisa, mnafundishwa namna ya kupumua hofu inapopanda, namna ya kulala, namna ya kumwambia mtu hapana bila ugomvi, kuna la dawa mnaelezwa hii inafanya nini na madhara yake ni yapi, kuna la kuchora ambalo nililidharau halafu nikalipenda. Katikati unaitwa unaonana na daktari, unaonana na mshauri wako peke yako.

Sasa siri yake iko hapa. Wodini hata kamba za viatu walichukua, hakuna wa kukuudhi, hakuna bili, hakuna shemeji, unatulia kwa sababu hakuna kinachokuvuruga. Ukirudi nyumbani yaleyale yaliyokuumiza yapo mlangoni yanakusubiri. Kwenye kutwa unajifunza kitu saa nne asubuhi, jioni unakijaribu nyumbani kwenye vurugu yenyewe, kinashindikana, kesho asubuhi unarudi unasema "jamani imenishinda" na mnakaa kuangalia ilikushinda wapi. Mimi niliambiwa nimpigie dada yangu simu ambayo nilikuwa naikwepa miezi, nikashindwa Jumanne, nikashindwa Jumatano, Alhamisi nikapiga. Wodini ningepigaje.

---

bwana_shaka

Mimi nitasema tofauti na kipepeo, sio kwamba anadanganya, ila mjue na upande mwingine.

Mke wangu alipelekwa kwenye kitu hichohicho, hospitali siitaji. Chumba kimoja watu karibu ishirini, mshauri mmoja, na yule mshauri alikuwa anasoma kwenye karatasi kama mtu anayetangaza matokeo. Dawa zake hazikuguswa wiki nzima ya kwanza, na alikuwa anasinzia mpaka anadondosha kalamu. Siku ya nne aliondoka zake saa tano asubuhi. Akatembea tu. Hakuna aliyenipigia simu, mimi nimejua jioni nilipoenda kumchukua nakuta geti limefungwa. Nashukuru Mungu alikuwa ameenda kukaa kwa mdogo wake, ila yale masaa mawili nilivyokuwa natafuta simwombei hata adui yangu.

Kwa hiyo dada kabla ya Jumatatu nenda ukawaulize, asipofika mnampigia nani na baada ya dakika ngapi. Ni swali moja tu hilo. Wakijiuma-uma kama kule kwetu, ujue ulipo.

---

muuguzi_wa_zamu

Nimefanya kazi wodi ya akili miaka mingi na baadaye kitengo cha kutwa, kwa hiyo nitaandika kirefu mnivumilie, na ninaandika kwa vipande maana niko mapumzikoni.

Kwanza nianze na mama, kwamba wanataka kitanda. Mama hajakosea sana! Hii huduma ilizaliwa kwa uhaba wa vitanda. Moscow mwaka 1933 hospitali ya akili ilizidiwa, wakaamua baadhi ya wagonjwa waje mchana watibiwe, usiku wakalale kwao. Walikuwa wanatafuta nafasi tu. Mwaka 1946 wakaanzisha ya namna hiyo Montreal huko Kanada, na London nayo ikaanza miaka hiyohiyo, kisha Marekani mwaka 1963 wakapitisha sheria ya vituo vya afya ya akili vya jamii na hii ikawa moja ya huduma tano ambazo kila kituo kilitakiwa kiwe nazo. Kilichoanza kwa shida ya vitanda kikaonekana kinafanya kazi yake chenyewe, ndio maana kimebaki.

Na kimepimwa. Kuna utafiti mkubwa ulitoka 2007, nchi tano za Ulaya (Ujerumani, Uingereza, Poland, Slovakia na Cheki), wagonjwa 1,117 wote waliokubali matibabu kwa hiari, wengine wakalazwa wengine wakaenda kutwa. Dalili za ugonjwa zilipungua sawasawa pande zote mbili. Lakini kwenye kuishi na watu, kujihudumia, kurudi kwenye shughuli, wale wa kutwa walikuwa mbele, na bado walikuwa mbele mwaka mmoja baadaye. Ukisoma alichoandika kipepeo kuhusu ile simu ya dada yake utaelewa kwa nini. Mtu aliyelazwa mwezi mzima anasahau hata kupanda gari la abiria, wa kutwa analipanda kila siku na hofu yake mkononi.

Sasa hilo halimaanishi linamfaa kila mtu, na hapa ndo ningependa usome polepole. Mtu mwenye mpango wa kujiua na hawezi kukuahidi kwamba usiku huu atakuwa salama, huyo ni wa kulazwa. Anayesikia sauti zinazomwamuru afanye kitu, wa kulazwa. Aliyekuwa mlevi wa kupindukia kaacha ghafla juzi na anatetemeka, huyo anaweza kupata degedege usiku, asipelekwe nyumbani. Aliyekonda kwa kutokula mpaka mapigo ya moyo yameshuka, wa kulazwa. Na ambaye nyumbani hakuna mtu kabisa, au nyumbani kwenyewe ndiko anakopigwa, huyo hata kama dalili zake ni za wastani unafikiri mara mbili. Mdogo wako daktari amempima akaona yuko katikati, hahitaji kuchunguliwa kila nusu saa lakini pia kumwona daktari mara moja kwa mwezi hakutoshi. Hapo katikati ndipo watu wengi walikuwa wanadondokea zamani. Anatoka wodini Ijumaa, kliniki ni baada ya wiki tano, na wiki chache za kwanza baada ya kuruhusiwa ndio kipindi cha hatari zaidi kwa mtu aliyekuwa na mawazo ya kujiua. Hilo sikwambii nikutishe, nakwambia uone hizo wiki tatu zimewekwa pale zilipo kwa sababu.

Dawa nayo. Dawa za sonona hazifanyi kazi kama ya kichwa, umeza ukae saa moja. Ni wiki mbili, nne, wengine sita. Na kuna kitu familia nyingi hazijui, mara nyingine nguvu za mwili zinarudi kabla moyo haujapona, mtu anaanza kutembea, kuoga, mnafurahi, kumbe mawazo mabaya bado yapo na sasa ana nguvu. Kwa mgonjwa wa kutwa tunamwona kila asubuhi, tunaona uso, tunaona karatasi ya namba, tunaongea na daktari siku hiyohiyo dozi ibadilishwe.

bwana_shaka pole sana kaka, ulichopitia ni uzembe na nisingependa ukione tena. Kitengo chenye akili kina karatasi ya mahudhurio na mgonjwa asipofika anapigiwa yeye, asiposhika anapigiwa ndugu, asubuhi hiyohiyo. Swali lako ni zuri kuliko lolote ambalo mimi ningempa dada. Mimi naongeza mawili tu, daktari atamwona mara ngapi kwa wiki, na saa tisa mkishafunga usiku tukipata shida tunampigia nani.

Narudi kazini, la usiku naliandika baadaye.

---

kaka_mtulivu

Huyo kaka yenu anayesema arudi kazini na mimi nilikuwa hivyohivyo kwa binamu yangu. Tulimrudisha kazini wiki ya pili, wiki ya tatu akafukuzwa kwa kukosea mahesabu. Kichwa cha sonona hakishiki vitu, unasoma mstari mmoja mara nne. Mwache kaka aseme, daktari aandike barua ya ruhusa ya ugonjwa, wala barua haihitaji kutaja ni ugonjwa gani.

---

mbali_na_nyumbani

Mimi niko Marekani, huku hii kitu ni ya kawaida sana na ina sheria zake hasa ukitumia Medicare, ile bima ya serikali ya wazee na walemavu. Lazima daktari athibitishe kwamba bila hii huduma mgonjwa angehitaji kulazwa, na kwamba anahitaji angalau masaa 20 kwa wiki. Siku ya 18 daktari anathibitisha upya, baada ya hapo kila siku 30 au mapema zaidi. Halafu kuna ngazi ya chini yake, ndogo kidogo, angalau masaa 9 kwa wiki, hiyo Medicare imeanza kuilipia Januari 2024. Mama mkwe wangu alishuka ngazi hivyo, akatoka wodini, akaenda siku tano kwa wiki, zikawa siku tatu za asubuhi tu, halafu mara moja kwa wiki kwa mshauri. Kama ngazi za nyumba, huruki kutoka juu mpaka chini.

Na inaweza kwenda kinyume pia, wapo wanaoanzia kutwa moja kwa moja bila kulazwa, hali ikiwa inaporomoka na bado haijafika chini. Ningejua mapema mama mkwe angeanzia hapo, tusingefika wodini.

Kitu kimoja, popote ulipo, uliza bima au huyo mlipaji KABLA ya kuanza wanahesabu ni kulazwa au ni mgonjwa wa nje. Hapo kwenye jina ndo watu wanapigwa na bili.

---

muuguzi_wa_zamu

Nimerudi. Usiku.

dada_wa_kwanza umeuliza swali ambalo ndugu wengi hawaulizi, wanauliza mchana atafanya nini huko. Mchana yuko na sisi. Kuanzia saa tisa alasiri mpaka saa tatu asubuhi ni masaa 18 na hayo ni yenu, na wikendi ni yenu yote. Matibabu ya kutwa yanasimama kwa mguu mmoja hospitali na mguu mwingine nyumbani.

Kabla hajaruhusiwa Ijumaa omba mkae naye mshauri, mgonjwa na nyie ndugu, mwandike mpango wa usalama. Ni karatasi moja tu. Anaandika yeye mwenyewe kwa maneno yake, dalili gani zinamwonyesha anaanza kuzama (mmoja wangu aliandika "nikianza kufuta picha kwenye simu"), anafanya nini peke yake kujituliza, anamfuata nani kama hicho kimeshindwa, namba za hospitali na za dharura, na nyumba itafanywaje salama. Hiyo ya mwisho ndiyo inaokoa watu. Dawa zote za nyumba nzima, zake na za mama na hizo za maumivu mlizozisahau kabatini, zifungwe, mtu mmoja ashike ufunguo na kumpa dozi ya siku tu. Sumu za wadudu na panya toeni nje ya nyumba. Yale mawazo mara nyingi yanakuja kama wimbi, yanapanda yanashuka, na kama wakati yamepanda hakuna kitu karibu, wimbi linapita mtu akiwa hai.

Halafu usiogope kumuuliza. Watu wanadhani ukitaja kujiua unampa wazo. Hapana. Unamuuliza wazi, "leo mawazo ya kutaka kufa yamekuja?" kwa sauti ileile unayomuulizia kama amekula. Akisema yamekuja na ameshafikiria atafanyaje, usisubiri saa tatu ya asubuhi, usiku huohuo mpeleke dharura na usimwache peke yake hata kwenda chooni mlango ufungwe. Kulazwa tena sio kufeli, wapo waliopanda wakashuka mara mbili na leo wako sawa.

Na wewe lala. Pangeni zamu. Ndugu anayekesha siku kumi mfululizo anakuwa mgonjwa wa pili na huyo sina karatasi yake.

---

bwana_shaka

Hiyo ya kufunga dawa hakuna aliyetuambia. Hakuna. Nimesoma mara mbili.

Muuguzi, mke wangu sasa hivi anaendelea vizuri kwa mshauri mwingine, ila akizidiwa tena naogopa hata kulitaja jina la kutwa mbele yake. Anasema ni mahali pa kukalishwa.

---

muuguzi_wa_zamu

Usilitaje jina. Mwambie akiwa mzima mwende tu mkaone mahali pengine, aone chumba, aone watu wangapi kwenye kundi (nane mpaka kumi na mbili ni sawa, ishirini ni mkutano wa hadhara), aulize mwenyewe. Mgonjwa ana haki ya kukagua. Na akikataa, mshauri mmoja mzuri anayemwamini ni bora kuliko kitengo kizima asichokiamini.

---

kipepeo_mweupe

Mkutano wa hadhara 😂😂

Dada kitu kimoja nilisahau. Atarudi amechoka SANA siku za mwanzo, kuchoka kwa mtu aliyebeba mizigo. Mimi nilikuwa nafika nalala na viatu. Nyumbani wakadhani nimezidiwa, mama yangu akataka kunirudisha wodini. Sio kuzidiwa, ni kazi. Na msimkalishe kumhoji "leo mmefanya nini, umesema nini, wenzako wana matatizo gani", yale ya kwenye kundi yanabaki kwenye kundi, ameahidi wenzake.

---

dada_wa_kwanza

Wakuu nimerudi, samahani kwa kimya, mambo yalikuwa mengi. Nashukuru kila mmoja, nimesoma zote, nyingine nimemsomea mama kwa sauti.

Alhamisi nilienda na maswali yenu nimeyaandika mkononi kabisa maana karatasi naipoteza. Asipofika wanapiga simu ndani ya nusu saa, wanaanza na yeye kisha mimi, nimeandikisha namba tatu. Daktari mara mbili kwa wiki, akihitajika zaidi anaitwa. Usiku kuna namba ya wodi, nikaipiga palepale mbele yao nione kama inashikwa, ikashikwa, yule dada wa mapokezi akanicheka kidogo lakini sikujali. Kundi lao watu tisa. Mpango wa usalama tukaandika Ijumaa asubuhi kabla hajaruhusiwa. Kwenye dalili mdogo wangu aliandika "nikianza kusema niko poa mara nyingi." Mimi na mama tukaangaliana, maana mwezi mzima alikuwa anasema niko poa, niko poa, na sisi tunashukuru Mungu.

Dawa amefunga mama. Tulipokusanya za nyumba nzima zilijaa mfuko mzima jamani, nyingine zimeisha muda tangu niko sekondari. Kaka bado ananuna kuhusu kazi ila ndiye aliyezitoa sumu za panya nje bila kuambiwa mara mbili.

Jumatatu nikampeleka mwenyewe. Getini akasimama, nikadhani anarudi, kumbe anafunga kamba za viatu. Alivyotoka saa tisa akaingia kwenye gari akafumba macho, njia nzima hakuongea, na mimi namshukuru kipepeo maana ulimi ulikuwa unaniwasha nimuulize. Kafika kalala mpaka saa moja usiku. Alivyoamka nikamuuliza lile swali la muuguzi, sauti ilinitetemeka japo nilijitahidi. Akasema yalikuja mara moja, asubuhi, kabla ya kwenda, yakapita, hana mpango. Halafu akaniuliza "wewe nani kakufundisha kuuliza hivyo?" Nikamwambia watu fulani. Leo Jumanne karudi kachoka vilevile, ila kaniambia bila kuulizwa kwamba jana kwenye zile namba alijaza 7 kila mahali na leo usingizi kaandika 3.

Kesho ni zamu ya kaka kumpeleka.

---

kipepeo_mweupe

Huyo wa 3 ndiye mwenyewe sasa. Mwambie kaka asiwashe redio ya mpira kwa sauti kwenye gari asubuhi, hilo nalo ni matibabu.

---

dada_wa_kwanza

😂 Hapo ndo patakuwa na kazi, ngoja nikamwambie kabla hajalala.